Kompyuta ya michezo kwa bajeti finyu: Vipuri vya kuchagua na vya kuepuka

MKAZI wa Ngoliba anayetaka kompyuta ya kuchezea michezo ya kisasa hukabiliwa na mambo matatu ambayo miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani haiyataji: umeme usiotulia, joto lililochanganyika na vumbi, na umbali wa duka. Kata hiyo iliyo mashariki mwa mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa, ina jua kali kuliko Thika mjini. Kipuri kikiharibika, mwenyewe hana budi kupanda matatu hadi Thika, na mara nyingi kuendelea hadi Nairobi, kabla ya kupata kingine.

Fedha zenyewe nazo ni hoja. Kwa kijana anayeweka akiba ya vibarua au ya mauzo ya mboga, Sh60,000 ni jasho la miezi mingi, na kosa la kipuri kimoja laweza kuigeuza akiba hiyo kuwa sanduku la chuma lisilowaka. Isitoshe, ni nadra mashine kama hiyo kutumika kwa michezo pekee. Ndiyo hiyo hiyo itakayoandika kazi za chuo, kuhariri video za harusi na, kwa wengine, kufungulia kibanda cha michezo ambapo wateja hulipa kwa kila mechi.

Kwa sababu hizo, orodha ya manunuzi ya mtu wa Ngoliba inafaa kuanza pale ambapo wengine humalizia, yaani kwenye umeme.

Umeme kwanza

Pawasaplai ni kipuri kinachopokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na sehemu nyingine za kompyuta. Hakuna kipuri kinachodharauliwa kama hiki. Masanduku mengi ya bei nafuu huuzwa yakiwa tayari na pawasaplai ndani, imeandikwa "wati 500" kwa herufi kubwa, ilhali ukiinyanyua ni nyepesi kama redio ya mfukoni.

Kuna hesabu ndogo inayofichua udanganyifu huo. Ubavuni mwa kila pawasaplai hubandikwa jedwali linaloonyesha ampea za kila volti. Mnunuzi atafute mstari wa volti 12, kwa kuwa ndio unaolisha prosesa na kadi ya grafiki, kisha azidishe ampea zake kwa 12. Kifaa kinachojigamba kuwa na wati 500 lakini chenye ampea 18 tu kwenye mstari huo hutoa wati 216 mahali zinapohitajika. Zilizosalia ni za maandishi.

Nembo ya 80 Plus, mpango ulioanzishwa Marekani mnamo 2004, huonyesha kwamba kifaa kimepimwa na hakipotezi umeme mwingi kama joto. Daraja la Bronze linatosha kabisa kwa mashine ya bajeti, na wati 450 hadi 550 za kweli zitaibeba hata kadi ya grafiki itakayonunuliwa miaka miwili ijayo. Kwenye pawasaplai nyingine huwa kuna swichi ndogo nyekundu yenye nambari 115 na 230. Kwa umeme wa Kenya ni lazima ielekezwe kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, kifaa hulipuka mara tu kinapowashwa, na hakuna dhamana inayofidia mlipuko wa aina hiyo.

Aidha, ni busara kutenga fedha za stabilaiza au UPS ndogo. UPS haimwezeshi mtu kuendelea kucheza taa zikizimika. Kazi yake ni kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine taratibu. Umeme unaporejea baada ya kukatika huweza kuja kwa kishindo, kwa hivyo ni vyema kusubiri kidogo kabla ya kuwasha. Wakati wa radi, plagi ichomolewe ukutani, kwani kuzima swichi pekee hakutoshi.

Kuna pia suala la tokeni. Kompyuta inayotumia wati 250 wakati wa mchezo humaliza uniti moja ya umeme kwa saa nne. Mchezaji wa saa nne kila siku huongeza basi uniti 30 kwa mwezi. Katika viwango vya bei vilivyoanza kutumika Aprili 2023, uniti 30 ndizo zilizowekwa kuwa kikomo cha wateja wa nyumbani wa daraja la chini kabisa, wanaotozwa bei nafuu. Kwa maneno mengine, mashine hii yaweza kuiondoa familia nzima katika daraja hilo, na mzazi anayelipa ana haki ya kuelezwa hivyo kabla ya kununuliwa.

Mpya au mtumba?

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kununua vipuri vipya kimoja kimoja na kuviunganisha. Ya pili ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita "ex-UK", kisha kuiongezea kadi ya grafiki. Kwa mwenye mfuko mdogo sana, njia ya pili ndiyo yenye nafuu, na hakuna sababu ya kuionea haya. HP EliteDesk 800 G4, Dell OptiPlex 7060 na Lenovo ThinkCentre M920 zilitengenezwa kufanya kazi mchana kutwa kwa miaka, na nyingi huuzwa zikiwa na prosesa, kumbukumbu na diski.

Hata hivyo, mashine hizo zina mitego yake. Huja kwa maumbo mbalimbali, na lile sanduku jembamba linalopendwa na ofisi halina nafasi ya kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida. Mnunuzi atafute umbo la mnara, hata kama itamlazimu kuzunguka maduka mawili zaidi. Mtego mwingine ni pawasaplai. HP na Dell hutumia plagi za muundo wao wenyewe ndani ya mashine hizi, hivyo ile ya dukani ya kawaida haiingii bila kiunganishi maalumu. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi hubaki na kadi zinazokunywa umeme kupitia tundu la ubaomama pekee, ambalo kikomo chake ni wati 75.

Anayejenga upya hana kikwazo hicho, lakini hulipia uhuru wake. Bei za vipuri hupangwa kwa dola, na mnunuzi wa Kenya huongezewa usafirishaji, faida ya muuzaji na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Mapema 2024 dola moja ilipita Sh160, na kwa sehemu kubwa ya 2025 ilikaa karibu na Sh129. Kadi iliyozinduliwa kwa dola 169 ilikuwa hivyo sawa na takriban Sh21,800 mwaka huo, kabla hata ya gharama hizo nyingine. Ni vyema kufanya hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani, ili mtu ajue bei anayotajiwa imeongezwa kiasi gani.

Nambari za prosesa

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ndipo wauzaji wengi hucheza na maneno. Tangazo husema "Core i7" bila kutaja kizazi, na kijana huamini kwamba saba ni kubwa kuliko tatu. Si hivyo. Core i7-3770 ilitoka 2012 na Core i3-12100 ilitoka 2022. Zote zina viini vinne, lakini hiyo i3 huiacha i7 mbali sana katika michezo. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: 3770 ni ya tatu, 8500 ni ya nane, 12100 ni ya kumi na mbili.

Kizazi kina uzito mwingine siku hizi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Kwa AMD ni Ryzen za mfululizo wa 2000 kuendelea. Kuna michezo, Valorant ikiwa mfano mmoja, inayokataa kufunguka kwenye Windows 11 ikiwa chipu hiyo haijawashwa. Kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nne au cha sita, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, ni mzigo kwa mchezaji. Ile yenye Core i5-8500, iliyotoka 2018 na yenye viini sita, ndiyo iwe mpaka wa chini.

Kwa anayenunua kipya, chaguo mbili zimethibitika. Core i3-12100F ni ya bei ya chini na inatosha kwa michezo mingi. Ryzen 5 5600 ya AMD, iliyotoka Aprili 2022, ina viini sita, hutumia wati 65 na huja na feni yake ndani ya boksi. Uzuri wa hii ya pili ni kwamba hutumia tundu la AM4, ambalo ubaomama wake na kumbukumbu zake za DDR4 zimejaa sokoni kama mitumba. Tundu jipya la AM5, lililoanza Septemba 2022, hukubali DDR5 pekee. Lina maisha marefu zaidi mbele yake, lakini si la mfuko mdogo.

Ikumbukwe kwamba herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel humaanisha haina grafiki yoyote ndani yake, na Ryzen 5 5600 ni vivyo hivyo. Kadi ikifa, skrini huwa giza. Anayeogopa hali hiyo, au ambaye fedha za kadi bado hazijatimia, ana Ryzen 5 5600G ya 2021, yenye grafiki ya wastani ndani. Itacheza eFootball na Valorant kwa viwango vya chini bila kadi yoyote, na kadi itaongezwa siku ya mavuno. Kwa mazingira ya Ngoliba, pengine hii ndiyo hatua ya kwanza yenye akili kuliko zote.

Ubaomama usiwe wa kifahari. Jambo moja tu liulizwe: je, programu yake ya ndani, ile iitwayo BIOS, inaitambua prosesa iliyonunuliwa? Ubaomama wa B450 uliokaa sana kwenye rafu huenda usiitambue Ryzen 5 5600 mpaka uhuishwe. Muuzaji na auwashe mbele ya mnunuzi.

Kadi ya grafiki

Hapa ndipo fedha nyingi zinapostahili kwenda. Kwa mashine ya michezo, thuluthi moja hadi thuluthi moja na ushei ya bajeti yote ni kipimo cha haki. Prosesa na ubaomama vipewe karibu robo, na kinachosalia kigawanywe kwa kumbukumbu, diski, pawasaplai na sanduku. Mara nyingi mtu huvutiwa na taa za rangi kwenye feni na sanduku la kioo, kisha hubakiwa na fedha za kadi dhaifu.

Kwa mashine ya ofisi isiyo na waya wa ziada wa umeme, GeForce GTX 1650 ya 2019 imekuwa kimbilio la wengi. Udhaifu wake ni kumbukumbu ya GB 4, ambayo michezo mipya huimaliza haraka. Mrithi wake wa kweli ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 kwa bei ya dola 169. Hutumia wati 70, na nyingi ya matoleo yake hayahitaji waya wowote wa ziada. Radeon RX 6400 nayo huonekana ya kuvutia kwa wati zake 53, lakini hutumia njia nne tu za mawasiliano na ubaomama. Ikiwekwa kwenye mashine ya kizazi cha nane hupoteza sehemu ya nguvu zake. Muuzaji hatalisema hilo.

Kwa aliyejenga upya akiwa na pawasaplai ya kuaminika, Radeon RX 6600 ya 2021, yenye GB 8 na inayotumia wati 132, huendesha takriban michezo yote kwenye skrini ya 1920 kwa 1080.

Soko la kadi zilizotumika linahitaji jicho kali. Septemba 15, 2022, mfumo wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliachana na uchimbaji uliokuwa ukitumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni zake huwa zimelegea na krimu ya kupitisha joto imekauka. Kibaya zaidi ni zile zilizogushiwa. Radeon RX 580 iliyoandikwa "2048SP" si RX 580 kamili, na kuna kadi za zamani za GTX 550 Ti zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hufichua mengi ya hayo kwa dakika moja. Ibebwe kwenye flashi hadi dukani.

Kumbukumbu na diski

GB 16 za kumbukumbu ndizo zinazofaa, nazo ziwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Vipande viwili hufanya kazi sambamba na kuongeza kasi, na kwa anayetumia grafiki ya ndani ya 5600G tofauti yake huonekana wazi kwa macho. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na kipande cha kompyuta ya mapajani hakiingii kwenye ya mezani. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda vibaya duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu zake kwa vituo vya akili bandia. Kwa hivyo mashine ya mtumba inayokuja na GB 16 za DDR4 ndani yake ina thamani kuliko bei yake inavyoonyesha.

Diski iwe SSD. Ile ya NVMe inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubaomama ni bora, japo ya SATA yenye kasi ya takriban MB 550 kwa sekunde haitamkera mchezaji. Kiasi ndicho kinachosumbua zaidi, maana mchezo mmoja wa Call of Duty hupita GB 100. SSD ya GB 500 pamoja na diski ya zamani ya kuzunguka kwa ajili ya kuhifadhia ni mpango unaofaa. SSD ya "TB 2" inayouzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana ni bandia.

Sanduku liwe na wavu mbele badala ya kioo, na feni mbili: moja ya kuvuta hewa ndani na nyingine ya kuitoa. Prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ikikaribia nyuzi 90 au 100 za Selsiasi, kutegemea aina, na mchezaji huona mchezo ukikatakata asijue chanzo ni vumbi. Wavu huo usafishwe kwa brashi kila baada ya wiki chache wakati wa kiangazi, na mashine isiwekwe sakafuni.

Kuhusu skrini, ya mtumba ya inchi 22 au 24 yenye 1920 kwa 1080 yatosha. Baadhi ya skrini za ofisi zina tundu la zamani la VGA pekee, ambalo kadi mpya hazina. Kuna watu waliorudi nyumbani na kila kitu isipokuwa kiunganishi kidogo cha kuziunganisha hizo mbili, na safari ikaanza upya. Mashine nyingi za ofisi, pamoja na ubaomama za bei nafuu, hazina Wi-Fi vilevile. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB huweza kusaidia kwa muda.

Siku ya kununua

Maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi yana chaguo pana zaidi. Thika na Juja nako, kwa sababu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya na wa JKUAT, huwa kuna mashine zinazouzwa kwa mkono. Anayenunua kwa mtu binafsi asitume fedha kwa M-Pesa kabla ya kuiona mashine ikiwaka. Mchezo mzito uendeshwe kwa nusu saa mfululizo, kwani kadi yenye hitilafu ya joto au pawasaplai dhaifu huvumilia dakika tano za kwanza na kuanguka baadaye. Nambari za usajili za kadi na ubaomama ziandikwe kwenye risiti, pamoja na muda wa dhamana na jina la atakayegharamia usafiri wa kurudisha. Anayetoka Ngoliba asiogope kulisisitiza hilo la mwisho.

Linalosalia ni kuipata michezo yenyewe. Fortnite, Valorant, Counter-Strike 2 na eFootball hazilipiwi, lakini kupakua makumi ya GB kwa bando za simu kwaweza kugharimu kuliko mchezo wa kununua. Njia wanayoitumia wengi ni diski ya nje. Mtumiaji wa Steam hunakili folda ya mchezo kutoka kwa mwenzake aliye na intaneti isiyo na kikomo, huiweka kwenye mashine yake, kisha huiamuru Steam ikague faili hizo. Ikiwa mchezo huo umo katika akaunti yake, programu hiyo hupakua tu kile kilichokosekana au kilichobadilika.